Assiniboine: Jina Lililotoka Jikoni

Katika lugha ya Waojibwe wa Amerika ya Kaskazini, asin ni jiwe, na bwaan ni jina walilowaita Wasioux. Maneno hayo yakaungana kuwa asiniibwaan, yaani Wasioux wa mawe. Vinywani mwa Wafaransa jina hilo la taifa la wenyeji wa huko likawa Assiniboine.

Mawe yenyewe ni ya mapishi. Watu hao walichimba shimo, wakalitandika ngozi ya nyati wa Amerika, wakatia maji na nyama, kisha wakatumbukiza mawe yaliyopashwa motoni hadi maji yakachemka.

Wao hujiita Nakoda. Lugha yao ni ndugu ya Kisioux, lakini tayari mwaka 1640 wamisionari Wajesuiti waliwataja kama taifa lenye jina lake. Baadaye walienea katika nyanda za Kanada na Marekani, wakishirikiana na Wakrii, taifa jingine la wenyeji, katika biashara ya manyoya na katika vita.

Karne ya 19 iliwaumiza vibaya. Mwaka 1837 meli ya mvuke ilipanda Mto Missouri ikibeba ugonjwa wa ndui hadi Fort Union, kituo walichofanyia biashara, na ugonjwa ukafyeka kambi nzima nzima. Juni 1873, wawindaji wa mbwamwitu waliishambulia kambi yao katika vilima vya Cypress, wakaua watu wengi.

Wazao wao leo wanaishi Saskatchewan, na pia Montana, katika maeneo ya Fort Belknap na Fort Peck. Waandishi wetu wanaowataja wawatendee haki: waandike Nakoda kwanza, Assiniboine baadaye.