Deraya ya Miguu: Chagua Mwaka Kwanza

Anayeigiza askari mpanda farasi wa Ulaya ya Zama za Kati achague kwanza mwaka na nchi, kisha chuma.

Karne ya 12 na 13. Miguu ilikingwa kwa soksi ndefu za pete za chuma zilizounganishwa. Katika karne ya 13 bamba la goti likaanza kuongezwa.

Karne ya 14. Mabamba yalifunika paja, goti, muundi na juu ya wayo. Sanamu ya kaburi la Edward (aliyefariki 1376), mwana wa mfalme wa Uingereza, katika Kanisa Kuu la Canterbury, inaonyesha seti kamili yenye ncha kali vidoleni.

Mapema karne ya 16. Ncha zilitoweka, sehemu ya vidole ikawa pana.

Uvaaji. Mabamba ya mapaja yalifungwa kwa kamba kwenye vazi la ndani. Viatu vya chuma vilifunika wayo kwa mabamba yaliyopandana kama magamba ya samaki, lakini chini ya unyayo palikuwa na ngozi tu.

Usivae viatu vipana vya 1510 pamoja na deraya ya 1376: mtazamaji anastahili kuonyeshwa historia ya kweli.