Maji Yasiyochorwa Ramanini: Historia ya Upimaji wa Ardhi na Hatari ya Mafuriko Migodini katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya upimaji wa ardhi katika ukanda wa dhahabu wa Busia na maeneo jirani ya Tororo. Yanadai kwamba upimaji huo uliongozwa na swali la mahali ilipo mali, huku swali la mahali yalipo maji likiachwa kando. Upimaji wa sumakuumeme unaweza kuziba pengo hilo, mradi usomwe sambamba na kumbukumbu za migodi ya kale.

Utangulizi

Mpaka wa Uganda na Kenya haukufuata miamba. Hadi 1902, Tororo na Kakamega zote zilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda. Mwaka huo Jimbo la Mashariki la wakati huo lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Miamba ya kale yenye mishipa ya dhahabu ikabaki pande zote mbili, chini ya serikali mbili, sheria mbili na hifadhi mbili za nyaraka.

Wapimaji na swali lao

Idara ya Jiolojia ya Uganda iliundwa Entebbe mwaka 1919 ikiongozwa na E. J. Wayland. Katika miaka ya 1930 wanajiolojia wake, akiwemo K. A. Davies, walichunguza kusini-mashariki mwa Uganda. Ng'ambo ya mpaka, dhahabu ya Kakamega ilizua msukumo mkubwa kuanzia 1931, kiasi kwamba mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria ya ardhi ya Waafrika ya 1930, ili ardhi ichukuliwe kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Sheria iliyojali hivyo dhahabu haikujali vivyo hivyo mashimo yatakayobaki.

Na yalibaki. Mgodi wa Rosterman, mashuhuri kuliko yote ya Kakamega, ulifungwa 1952. Mgodi ukifungwa, pampu huzimwa na maji hupanda hadi kiwango chake cha asili. Mchimbaji mdogo wa leo anayefuata mshipa uleule hutenganishwa na ziwa hilo lililofichika kwa ukuta wa mwamba asioujua unene wake.

Kuanzia 2006, Uganda ilipima kwa ndege takriban asilimia 80 ya nchi, chini ya mradi wa usimamizi endelevu wa rasilimali za madini. Upimaji ulikuwa hasa wa sumaku na mnururisho. Ule wa sumakuumeme ulifanywa katika maeneo machache yaliyoteuliwa. Hata hivyo, lengo lilikuwa kuvutia wawekezaji, na mistari ya safari za ndege ilipishana mbali mno kuweza kuonyesha shimo lenye upana wa mita moja au mbili.

Uwezo na mipaka ya sumakuumeme

Mbinu hii inategemea kanuni aliyoibainisha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme hupitishwa katika waya uliotandazwa ardhini kisha hukatwa ghafla. Badiliko hilo huamsha mikondo ya umeme chini ya ardhi, na kifaa hupima jinsi inavyofifia. Pale penye kupitisha umeme vizuri, mikondo hudumu zaidi. Nchini Uchina mbinu hii hutumika kutafuta maji mbele ya njia za migodi ya makaa ya mawe.

Busia haina makaa ya mawe, lakini hatari ni ileile. Maji yaliyokaa muda mrefu kwenye miamba yenye salfa hubeba chumvi nyingi, hivyo hupitisha umeme. Tatizo ni kwamba udongo wa mfinyanzi na baadhi ya madini ya chuma na salfa hupitisha pia. Kule Mirerani, Tanzania, ambako mafuriko ya Machi 2008 yaliua makumi ya wachimbaji, tanzanaiti hupatikana katika miamba yenye grafiti, nayo grafiti hupitisha umeme. Kipimo kimoja, basi, hakitoshi. Vipimo viwili, kimoja wakati wa kiangazi na kingine baada ya masika, husaidia zaidi: madini hayabadiliki kwa majira, ilhali maji hupanda na kushuka.

Kumbukumbu nazo ni kipimo. Tarehe 24 Julai 2002, huko Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji tisa wa makaa ya mawe walitoboa mgodi wa jirani uliokwisha kuachwa na kujaa maji, kwa kuwa ramani waliyoitumia haikuonyesha sehemu za mwisho zilizochimbwa. Waliokolewa wote, lakini kilichowaponza kilikuwa karatasi pungufu.

Hitimisho na mapendekezo

Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 na ile ya Uganda ya 2022 zimewatambua wachimbaji wadogo. Utambuzi huo utakuwa na uzito iwapo utaambatana na hatua tatu: rejista ya pamoja ya mashimo yaliyoachwa pande zote za mpaka, kufunguliwa kwa michoro ya zamani ya migodi kwa serikali za mitaa na vyama vya wachimbaji, na upimaji wa sumakuumeme wa ardhini, unaorudiwa kwa majira, kwanza katika maeneo yaliyotajwa na michoro hiyo. Machimbo ya wazi ya chokaa na fosfeti ya Tororo yanaweza kusubiri. Mashimo ya dhahabu ya Busia, ambamo watu huteremka kila siku, hayawezi.