Rada ilihitaji mtu wa simu

Ndugu zetu, leo tuongee rada kidogo. WAAF, jeshi saidizi la anga la wanawake Uingereza, liliundwa Juni 1939. Wengi walikuwa raia wa kawaida tu, kazi wakajifunzia humo humo. Minara ya rada pwani iliona ndege zikiwa bado mbali, hata zaidi ya kilomita 100. Lakini habari lazima mtu aipeleke makao makuu. Tarehe 18 Agosti 1940 Wajerumani wakapiga kituo cha rada cha Poling, kusini mwa nchi. Koplo Avis Hearn akabaki kwenye simu, mabomu yakidondoka. Baadaye akapewa Nishani ya Kijeshi. Sisi wa kujitolea, tunaopeleka habari zoni kwa zoni, tusijidharau. Mashine inaona, ila mtu ndo anafikisha.