Lakabu si nakala

Tuseme mwanafunzi wa programu mjini Voi ameandika kwa Python: vituo = ["Voi", "Mwatate", "Bura", "Taveta"]. Chini yake anaandika safari = vituo, kisha anaongeza "Maktau" kwenye safari. Akichapisha vituo, Maktau imo! Atakuambia, "Lakini nilinakili."

Hakunakili. Alama ile ya usawa haikuzaa orodha ya pili. Iliipa orodha ileile jina jingine. Wengi huita hali hii rejeleo, neno ambalo kwangu lina harufu ya maktaba. Kiswahili kina lakabu, jina la ziada la mtu yuleyule, na hilo ndilo linalofaa. Somo ni kinyume chake: watu wawili, jina moja. Ukimpaka rangi Juma, somo wake habadiliki. Ukimpaka mwenye lakabu, majina yake yote yamepakwa.

Kwa namba shida haionekani, kwa kuwa 5 haibadilishwi ndani yake. Unalihamisha jina tu kwenda kwenye 6. JavaScript nayo huzipa safu na objekti lakabu vivyo hivyo. PHP ina tabia yake: safu huhesabiwa kuwa nakala, objekti hazinakiliwi.

Katika Python, anayetaka nakala aiombe: vituo.copy(). Hata hivyo, kama ndani ya orodha kuna orodha nyingine, mathalani nauli za kila kituo, hizo za ndani zitabaki za pamoja. Hapo ndipo inapoitwa copy.deepcopy, inayonakili hadi chini kabisa.