Kinga Hupinga, Kinga Hupokea

Kitenzi kukinga kina pande mbili, nasi katika tiba tumetumia upande mmoja tu. Mwenye mwavuli hukinga mvua isimpate. Mwenye ndoo hukinga mvua asiikose. Mkwiro, kijiji cha Wachifundi kwenye kisiwa cha matumbawe cha Wasini, ambako maji baridi ni haba, maana ya pili ina uzito zaidi kuliko ya kwanza.

Tukisikia kinga ya mwili tunawaza ngao. Lakini chembechembe nyeupe za damu, askari wa kinga hiyo, zina vipokezi vya homoni. Kotisoli ikipita kwenye damu hudakwa, estrojeni nayo hudakwa, na mwenendo wa kinga hubadilika. Kinga hupinga vijidudu na hupokea amri. Neno letu lilikuwa limekwisha kubeba elimu hiyo. Tulifundishe kwa pande zote mbili.

Homoni. Neno hili alilitangaza Ernest Starling, mwanafiziolojia wa London, mwaka 1905, akilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Wapo wanaotaka tuseme kichocheo. Sikubaliani nao. Kichocheo kimeshaajiriwa na kemia. Tena si kila homoni huchochea, kwani kotisoli ikizidi huinyamazisha kinga. Homoni limeshaota mizizi kwetu. Tuliache.

Mvurugiko wa homoni. Kuvuruga ni kutibua kilichotulia hadi kisijulikane kipi ni kipi. Homoni haziharibiki hivyo: moja huzidi, nyingine hupungua. Mabaharia wana neno bora, mrama, yaani chombo kulalia upande huu kisha ule. Ukisema homoni zimeenda mrama, msikilizaji wa Mkwiro atauliza papo hapo: zimelalia upande gani? Hilo ndilo swali la daktari. Na hali njema tuiite urari wa homoni, kwa neno ambalo watu wa hesabu wametuhifadhia.

Kingamwili, kwa neno moja, ni protini inayonasa kijidudu. Kinga ya mwili, kwa maneno matatu, ni mfumo mzima. Anayeyachanganya humpotosha mgonjwa.

Kinga inaposhambulia mwili wake, kama katika ugonjwa wa lupasi unaowapata zaidi wanawake, husemwa imeasi. Kuasi ni kukataa amri. Hii inafanya kazi kwa bidii ileile, ila imekosea adui. Napendekeza kinga kujigeukia. Kiswahili kina kinga kingine pia, kijinga cha moto, kile cha methali "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Ni neno jingine lenye ngeli yake, lakini mwenye viungo vilivyovimba na kuwaka ataona sadfa hiyo inamsemea.

Kushusha kinga. Ndivyo wengi wanavyoieleza prednisoloni, dawa iliyoundwa kwa mfano wa kotisoli. Tangu UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, uingie vinywani mwetu, kinga kushuka husikika kama hukumu, na mwenye hofu aweza kuacha dawa kimyakimya. Kuiacha ghafla baada ya matumizi marefu ni hatari, maana tezi zilizo juu ya figo zimelala na hazitengenezi kotisoli ya kutosha. Kutuliza kinga ni sahihi zaidi, mradi tusifiche upande wake mzito: kinga iliyotulizwa huchelewa kumtambua adui, hata kifua kikuu kilicholala kikaamka.

Kufidia. Tezi hizo zikiharibika, mgonjwa hupewa kotisoli kwa kiasi ambacho mwili ungejitengenezea. Hapo hakuna kinachotulizwa, kilichopungua kinarudishwa. Dawa za ukoo mmoja wa stiroidi, vitenzi viwili. Anayefidiwa kwa kiasi hicho, dawa haimpunguzii kinga. Anayetulizwa kwa kiasi kikubwa lazima aangaliwe kwa karibu. Kuwaita wote wawili watu wa stiroidi ni kuwadhulumu wote wawili.

Mgonjwa anayevuka kwa mashua hadi Shimoni, kisha akaelekea hospitali ya rufaa ya Msambweni, anastahili kuelezwa kwa kitenzi kilicho chake. Nanyi walinzi wenzangu wa lugha, mkiandikiwa vidonge hivyo au mkimsindikiza mzee wenu, ulizeni: dawa hii yafidia au yatuliza? Swali hilo likizoeleka vinywani, kamusi zitalifuata.