Kipandio cha mkono: kupanda bila kulima

Mvua za masika zikikawia huku Ganze, kulima kwa jembe ni kuuanika juani unyevu mdogo uliobaki. Ndiyo maana mahindi yangu nayapanda kwa kipandio cha mkono. Kina vipini viwili, kisanduku cha mbegu, kingine cha mbolea, na mdomo wa chuma. Unachoma mdomo ardhini vipini vikiwa vimeachana, unavikutanisha, mdomo unafunguka, mbegu na mbolea zinaanguka. Shimo ni dogo tu. Kwingine udongo haujaguswa. Mfinyanzi uliolowa huuziba mdomo, kwa hivyo ngoja ukauke kidogo.

Ila usitupe mabua, ndiyo matandazo. Msimu mmoja ng'ombe waliyamaliza yote, na mahindi yangu yakanyauka sawa na ya shamba lililolimwa.