Jina Moja kabla ya Mamlaka Moja: Ramani za Mfukoni za Reli ya Chini ya Ardhi ya London, 1908–1933

Aghalabu historia ya ramani ya reli ya chini ya ardhi ya London huanzishwa na mchoro wa Harry Beck. Mwanzo huo unaficha badiliko lililotokea robo karne kabla yake, ambalo lilihusu jina kuliko mchoro.

Tangu Metropolitan Railway ilipofungua njia ya kwanza mwaka 1863, kila kampuni ilijinadi yenyewe. Ramani ilikuwa tangazo la biashara: njia za mwenye ramani zilikolezwa wino, za washindani zikafifizwa. Abiria aliyelazimika kupanda treni za kampuni mbili alijiunganishia safari mwenyewe. Mwaka 1908 kampuni hizo zilikubaliana kujitangaza kwa neno moja, UNDERGROUND, na ikatolewa ramani ya pamoja isiyolipiwa, kila njia na rangi yake. Umiliki haukuunganishwa, Metropolitan, kwa mfano, ililinda uhuru wake hadi 1933. Machoni pa msomaji wa ramani, hata hivyo, mtandao ulikuwa tayari mmoja.

Ramani ya 1908 ilichorwa juu ya mitaa halisi, jambo lililozaa tatizo la usomaji: kadiri viunga vya mbali vilivyoingizwa, ndivyo majina ya vituo vya katikati yalivyobanana. Ramani za mfukoni za F. H. Stingemore, zilizotolewa kuanzia 1925 hadi 1932, hazikuwa na mitaa tena, na masafa ya pembezoni yalifupishwa. Beck, basi, hakuanza na karatasi tupu. Alichokileta mwaka 1931 ni kanuni: mistari ya wima, ya mlalo na ya mshazari wa nyuzi 45, huku mto Thames ukibaki alama pekee ya juu ya ardhi. Pendekezo lake lilikataliwa kwanza. Januari 1933 zilichapishwa nakala 750,000 za mfukoni kwa majaribio, na jalada likawaomba abiria watoe maoni (unyenyekevu usiotarajiwa kwa kampuni kubwa kiasi hicho).

Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, London Passenger Transport Board ilipokabidhiwa karibu mtandao wote, iliwakuta abiria waliokwisha kuuita kwa jina moja kwa miaka 25.